Miche chotara ya ngano inakauka wakati wazazi wote ni wazima: weka dawa pembeni kwanza

Mkuu, umesema umechavusha aina mbili za ngano, mbegu zikaota vizuri, kisha jani la kwanza likaanza kunyauka kutoka nchani kushuka chini, likafuata la pili, na kufikia jani la tatu miche yote ikawa imekwisha. Waliotangulia kukujibu wanasema ni kinyaushi, ule ugonjwa wa ukungu unaoangusha miche michanga. Nakataa. Kinyaushi hakichagui ukoo. Kingekuwa ndicho, miche ya wazazi iliyo kwenye trei hiyohiyo nayo ingeanguka, na wewe umesema haina hata doa.

Nimekutana na hali hii kwenye ngano zaidi ya mara moja. Mche unauawa na kinga yake wenyewe. Seli za mmea zina protini zinazolinda mlango: zikihisi kimelea kimeingia, seli inajifia palepale ili kimelea kikose pa kuishi. Jeni za protini hizi hubadilika upesi kwa sababu vimelea navyo havilali. Kila mzazi wako ana za kwake, na ndani ya ukoo wake zimezoeana. Ukizichanganya, kinga inaamka bila adui yeyote na seli zinakufa jani baada ya jani.

Kwenye ngano wahusika wanajulikana, ni jeni mbili ziitwazo Ne1 na Ne2. Mmea wenye moja tu hauna shida. Zikikutana, ndiyo hayo unayoyaona. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwamba Ne2 ndiyo ileile Lr13, jeni inayozuia baadhi ya aina za kutu ya majani. Maana yake, waliokuwa wakichagua ngano isiyoshikwa na kutu wameisambaza Ne2 bila kujua. (Wenye maharage msicheke, nanyi mna jeni zenu za namna hii, DL1 na DL2.)

Joto nalo lina neno. Katika utafiti wa mwaka 2007 wa Kirsten Bomblies, Detlef Weigel na wenzao, chotara za Arabidopsis thaliana, mmea mdogo unaotumiwa sana kwenye utafiti, zilizodhoofika kwenye nyuzi 16 zilikua vizuri kwenye nyuzi 23. Kwa ngano pia joto hupunguza makali, kwa hiyo otesha mbegu chache mahali penye joto zaidi. Zikichelewa kunyauka, hiyo ni dalili kubwa. Ila usitegemee joto kama tiba, shambani huna rimoti ya jua.

Njia ninayoitumia ni kutafuta aina ya tatu isiyo na Ne1 wala Ne2. Ichavushe na mzazi mwenye Ne1, kisha chotara wake mpeleke kwa mzazi mwenye Ne2. Takriban nusu ya miche itakauka mbele ya macho yako, iache ife. Iliyobaki ndiyo ya kuendelea nayo. Usigeuze mpango ukamchanganya mzazi wa Ne2 na aina ya tatu, maana hapo miche itakayopona ndiyo itakayokuwa imepoteza Lr13.