Uache kazi uje kusoma Kijapani? Hesabu yake ni hii

Mdogo wangu, umeniuliza kama uache kazi ya uhasibu hapo Dar, uje Tokyo kusoma Kijapani huku ukijilipia kwa vibarua, halafu utafute kazi ya kudumu. Wenzako nao wananiuliza hilo hilo. Nakujibu waziwazi, maana mawakala wengine wanawapa picha nzuri bila hesabu.

Visa ya mwanafunzi haikuruhusu kufanya kazi mpaka uombe kibali, na ukikipata mwisho ni saa 28 kwa wiki. Kuanzia Oktoba 2025 kima cha chini hapa Tokyo ni yeni 1,226 kwa saa. Fanya saa zote bila kukosa, wiki nne ni kama yeni 137,000. Toa kodi ya chumba, chakula, bima ya afya, umeme na simu. Kinachobaki hakifikii ada, na shule nyingi za lugha hutoza yeni laki saba, nane na kuendelea kwa mwaka. Wapo wanaozidisha saa kwa siri. Usiwafuate kabisa. Uhamiaji wakibaini, visa yako iko hatarini, na mahudhurio ya darasani nayo wanayaangalia.

Halafu kuna kibarua chenyewe. Mimi nilianzia kiwanda cha chakula cha boksi, zamu ya usiku. Mkanda unapita, kazi yangu kuweka plamu moja ya chumvi katikati ya wali, boksi baada ya boksi, ndani ya baridi kali, na hakuna anayeongea. Asubuhi unaingia darasani macho mazito, na Kijapani hujajifunza hata neno. Nilipohamia mgahawani malipo yalikuwa yale yale, ila nililazimika kupokea oda kwa mdomo, na masikio yakaanza kufunguka.

Matamshi hayatakusumbua wewe unayeongea Kiswahili. Kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, ndiyo shughuli; orodha rasmi ya zile za matumizi ya kawaida ina 2,136. Na waajiri wengi wa kazi za ofisini wanataka angalau N2, daraja la pili kutoka juu la JLPT, mtihani wa kupima Kijapani unaofanyika Julai na Desemba.

Jambo linalonipa matumaini juu yako ni shahada. Cheti cha shule ya lugha peke yake hakikupi visa ya kazi ya ofisini. Shahada yako inaweza, mradi kazi ihusiane na ulichosomea. Kwa hiyo sikukatazi, natamani sana uje. Ila omba kwanza likizo bila malipo kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, anza Kijapani ukiwa huko huko, na usipande ndege bila ada ya mwaka mzima na matumizi ya miezi sita mkononi.

Ukilenga muhula wa Aprili, shule nyingi hufunga maombi mwaka unaotangulia, mapema kuliko unavyodhani. Nitumie nakala ya cheti chako na taarifa ya benki, tupitie fomu pamoja Jumapili.