Maswali Yenu: Ngano ya Shambani na Chapati ya Mezani

Mwezi huu karibu kila barua iliyonifikia hapa Njoro inahusu ngano. Wakulima wa Mau wanauliza kuhusu shamba, akina mama wa Kisumu wanauliza kuhusu meza. Nimeziweka barua hizi pamoja kwa makusudi, maana mkulima wa Mauche na mpishi wa Nyalenda wanashika punje ile ile.

*Binti yangu yuko chuo. Aliporudi likizo alituambia tuache chapati kwa sababu ngano inaharibu mazingira, tule wimbi na mtama tu. Mimi nauza chapati na maharagwe. Nifunge kibanda? — Mama wa Nyalenda, Kisumu*

Usifunge, mama. Na binti usimkemee, swali lake ni zuri, ila mzigo wote ameitwisha chapati yako peke yake.

Kwa wastani wa dunia, kilo moja ya ngano hutumia maji kama lita 1,800 hadi ikomae. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe huzidi lita 15,000 ukihesabu na malisho. Tena ngano yetu hapa Kenya hutegemea zaidi mvua iliyoanguka palepale shambani, si maji yaliyovutwa mtoni kwa pampu. Kwa hiyo sahani ya chapati na maharagwe hailemei ardhi kama wengi wanavyodhani. Na mwilini inajenga: protini ya ngano ina upungufu wa laisini, moja ya chembe zinazojenga protini, maharagwe yanayo tele, hivyo vikikutana kimoja kinajaza pengo la mwenzake.

Binti yako yuko sahihi kwa jambo jingine. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula haitoki Njoro wala Narok. Inaletwa na meli hadi Mombasa kutoka nchi kama Urusi, Ukraini na Ajentina, kisha inasafiri zaidi ya kilomita 800 kufika Kisumu. Vita vilipoanza Ukraini Februari 2022, wewe mwenyewe uliona bei ya unga ilivyokwenda. Mtama na wimbi vinalimwa karibu nawe, vinavumilia jua, na wimbi halina mpinzani kwa kalsiamu kati ya nafaka zetu za kawaida. Ningekuwa jikoni kwako ningepika uji wa wimbi asubuhi, ugali wa mtama na muhogo siku kadhaa za wiki, pamoja na osuga au mrenda, na chapati ibaki na siku zake. Kibandani waambie wateja waongeze maharagwe kabla ya kuongeza chapati ya tatu. Maharagwe, tofauti na ngano, huirudishia ardhi naitrojeni.

*Nikishavuna naachiwa mabua tele. Huwa nayachoma ili plau ipite vizuri. Jirani anasema naunguza pesa. Ni kweli? — Mkulima, Mauche*

Ni kweli, na ningependa uende umshukuru.

Marehemu baba alilima ekari 6 si mbali na hapa ninapoandika, na kila baada ya mavuno alichoma. Sisi watoto tuliupenda moto ule, tukikimbia pembeni kufukuza panya. Mvua za Aprili zilipofika, shamba lilikuwa jeusi na tupu. Nakumbuka siku moja nimesimama kando ya mtaro, maji yanashuka mazito, rangi ya chai ya maziwa. Mtaro uliingia kijitoni, kijito kikaingia Mto Njoro, na Mto Njoro unaishia Ziwa Nakuru. Chai ile ilikuwa shamba letu. Miaka ikapita tukiongeza mbolea huku magunia yakipungua, na hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili.

Unapochoma mabua, karibu naitrojeni yote iliyokuwamo inapaa na moshi. Potasiamu inabaki kwenye majivu, lakini mvua kubwa ya kwanza inaichukua. Kubwa zaidi, unauvua udongo nguo zake. Tone la mvua likianguka kwenye udongo mtupu hupasua chembechembe, chembe zinaziba vitundu, maji yanakosa pa kuingia, yanakimbia na tabaka la juu. Penye mabua tone linavunjika nguvu, maji yanazama polepole, na nyungunyungu wanapata chakula na kivuli.

Wataalamu wa kilimo hifadhi wanataka angalau asilimia 30 ya shamba iwe imefunikwa baada ya kupanda. Kuipima ni rahisi. Chukua kamba, ifunge mafundo 100 yenye nafasi sawa, itandaze mshazari shambani, kisha tembea ukihesabu mafundo yaliyolala juu ya bua. Ukipata 30 au zaidi uko pazuri. Rudia sehemu 3 au 4, maana kombaini huacha mabua yamerundikana mistari mistari.

Mwambie dereva wa kombaini akate juu kidogo na ayatawanye mabua badala ya kuyamwaga mstari mmoja. Najua pia ng'ombe wanahitaji kula kiangazi, na marobota yana soko. Funga nusu uuze, nusu iache shambani. Plau ya sahani ukiweza iache kabisa, ukodi planta inayokata mabua na kudondosha mbegu kwenye mfereji mwembamba. Ukishindwa mwaka huu, angalau lima kukingama na mteremko, usilime kutoka juu kwenda chini.

*Mnatuambia tupande bila kulima, lakini bila plau magugu yanatushinda, na dawa ya magugu nayo ni sumu. Tufuate lipi? — Mkulima, Rongai*

Hapa umegusa mahali panaponiuma, kwa hiyo nitakujibu bila kuficha. Wengi wanaopanda bila kulima wanategemea dawa ya magugu iitwayo glifosati. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Taasisi nyingine za udhibiti, Ulaya na Marekani, zikasema haionekani kuwa na hatari hiyo ikitumiwa ilivyoelekezwa. Wewe unayebeba pampu mgongoni huna sababu ya kusubiri wamalize kubishana ndipo uvae glavu, buti na kinyago.

Kinachopunguza dawa kweli ni kubadilisha mazao. Ngano juu ya ngano kila mwaka ni kuyafugia magugu ya jamii ya nyasi, kwa sababu yanaota pamoja nayo na kukomaa pamoja nayo. Weka maharagwe, njegere au viazi msimu unaofuata, na nyasi zile zinakosa mahali pa kujificha. Magonjwa ya ngano nayo yanakatika mnyororo. Baada ya misimu kadhaa, kama huruhusu gugu hata moja lizae mbegu, utajikuta unapuliza mara chache sana.

Na nakusihi, pampu usiioshe mtoni. Nimemwona kijana akisuuza yake pale daraja la chini, na mita mia mbili kutoka hapo mama mmoja anajaza mtungi. Osha shambani, maji ya suuza yamwage palepale ulipopulizia, na chupa tupu itoboe isije ikawa ya kubebea maziwa.

*Nimeweka mbolea ya DAP miaka 15. Naongeza mifuko, mazao yanashuka. — Mkulima, Mau Narok*

Pima udongo kabla hujanunua mfuko mwingine. DAP ikitumiwa mfululizo huongeza uchachu, na pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, udongo ni mchachu zaidi) ikishuka chini ya 5.5 fosforasi unayoinunua inafungwa na aluminiamu, mizizi inaikosa. Unakuwa umelipia chakula kilichofungiwa kabatini. Tembea shambani kwa kuzungukazunguka, chota udongo sehemu 15 hivi hadi kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo safi, upeleke nusu kilo maabara. Wakikuambia ni mchachu, tafuta chokaa ya kilimo (ile ya Koru, kaunti ya Kisumu, haiko mbali sana) na uiweke wiki kadhaa kabla ya kupanda.

Naitrojeni nayo usiimwage yote siku moja. Weka kiasi wakati wa kupanda, iliyobaki ngoja ngano ianze kutoa vichipukizi. Ile ambayo mmea haukuiwahi huteremka mtoni, au hugeuka gesi ya oksidi ya nitrasi, ambayo kilo kwa kilo hupasha dunia joto takriban mara 270 kuliko kaboni dioksidi.

*Nirudie mbegu yangu ya ngano aina ya Robin niliyoweka ghalani, au ninunue mpya? Bei imepanda. — Kijana, Molo*

Nunua mpya iliyothibitishwa ukiweza, ndugu yangu, hata kama ni ya nusu ya shamba. Kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngano, haikai mahali pamoja, hubadilika. Ile iliyotutikisa, Ug99, ilionekana Uganda mwaka 1998 na jina lake likatokana na mwaka uliofuata. Mwaka 2005 Norman Borlaug, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970 kwa kazi yake ya ngano, aliionya dunia kuhusu hatari yake. Robin ilipokuja ilipendwa kwa mavuno na kwa kinga. Kisha mwaka 2014 kukaonekana hapa Kenya aina mpya ya kutu iliyoivunja kinga ile, na wakulima wakarudi kwenye dawa za ukungu.

Kwa hiyo kila msimu ulizia kituo cha KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo) cha Njoro ni mbegu gani bado inasimama. Utafiti wa mbegu za ngano umekuwapo hapo tangu 1927, na siku hizi maelfu ya mbegu kutoka nchi nyingi huletwa kupandwa Njoro ili zijaribiwe na kutu yetu. Ukipita barabarani unaona viploti vidogo vidogo, kimoja kijani, cha pili yake kimekuwa na rangi ya tofali. Mmea wenye kinga ya kuzaliwa unakupunguzia mizunguko ya dawa, na kila mzunguko usiopuliza ni pesa yako na ni nyuki wako.

*Watoto wanakataa chapati za atta (unga wa ngano nzima), wanasema ni ngumu kama ngozi. Nifanyeje? — Baba wa watoto 3, Nakuru mjini*

Mara nyingi kosa ni haraka, baba. Pumba zinanywa maji polepole. Ukikanda na kusukuma papo hapo, zinaendelea kunywa zikiwa kwenye moto na chapati inakauka. Tumia maji ya vuguvugu, uweke zaidi ya uliyozoea, hadi donge lishike vidole kidogo. Lifunike kwa kitambaa kibichi dakika 40. Paka mafuta, kunja, lipumzike tena kidogo, ndipo usukume. Moto uwe mkali ili iive haraka, na ukiitoa ifunike palepale. Anza na nusu atta nusu unga mweupe, uongeze atta wiki hadi wiki, watoto hawatajua walivuka lini.

Usikate tamaa upesi. Gramu 100 za unga wa ngano nzima zina nyuzinyuzi gramu 10 hivi au zaidi, unga mweupe una kama 3. Kinu kinatoa pumba na kiini, vinaenda kulisha mifugo, nasi tunakula wanga uliobaki. Tangu 2012 sheria inataka unga wa pakiti urutubishwe kwa vitamini na madini, na hilo limesaidia sana, lakini nyuzinyuzi hazirudishwi. Kila ninapoona moshi juu ya shamba la ngano nawaza hilo: huko mabua yanaondolewa, huku pumba, na sote wawili tunakwenda dukani kununua cha kujazia. Jihadhari tu, atta ina mafuta ya kiini na huchacha, nunua ya kutosha mwezi mmoja. Na mkate wa kahawia usomwe karatasi yake, rangi peke yake haithibitishi kitu.

*Je, unga wa ngano unaweza kuchanganywa na viazi vitamu kwa mandazi? — Busia*

Ndiyo, na vinapendeza. Chemsha viazi vya rangi ya chungwa, viponde hadi viwe laini kabisa, uweke vikombe 2 kwa kila vikombe 3 vya unga. Punguza sukari na maji. Utapata vitamini A, na ngano ya kununua inapungua.

*Wanafunzi wangu wanataka kupanda ngano kwenye shamba la shule. Itafaa huku? — Mwalimu, Kakamega*

Mwalimu, joto na unyevu wa Kakamega utawaletea magonjwa mengi kuliko masuke. Pandeni wimbi, njugu mawe na viazi vitamu, mtavuna na mtapika.

Lakini kuna kitu cha ngano mnachoweza kufanya bila ngano. Kateni chupa mbili za plastiki kwa urefu, zilazeni kwenye ukingo wa meza midomo ikiangalia nje, mjaze udongo ule ule. Moja iacheni tupu, ya pili mfunike kwa nyasi kavu. Chini ya kila mdomo wekeni glasi, kisha mwagilieni kopo moja moja la maji kwa bati lililotobolewa matundu. Waambie watoto wainue glasi mbili dirishani waziangalie kwa mwanga, kisha waniandikie rangi walizoona.