Kabla Hujautupa Mfuko, Tazama Ukungu Umeanzia Wapi

Masika yakianza tu, simu yangu hujaa picha za mifuko ya shiitake, uyoga tunaouotesha kwenye mifuko ya vumbi la mbao, na chini ya kila picha swali ni lilelile: "Dada, huu nitupe?" Mara nyingi najibu usitupe. Uyoga mamama, ambao wengi wetu ndio tulioanza nao, hujaza mfuko ukawa mweupe pe ndani ya wiki mbili tatu, na ukibadilika rangi hapo ujue mambo yameharibika. Shiitake tabia yake ni nyingine. Ikishajaza mfuko, utando mweupe wa uyoga huvimba vinundu kama bisi, kisha hugeuka kahawia mabaka mabaka, na majimaji ya kahawia hutuama chini. Asiyeijua anaona uozo, kumbe hilo ndilo gome lake, nalo ndilo linaloulinda mfuko baadaye.

Ukungu wenyewe haufichiki. Ule wa kijani, trikoderma, nao huanza mweupe, ila una haraka: siku chache tu, katikati pameshakuwa kijani na pana unga. Ule wa rangi ya chungwa hutokeza hadi nje ya pamba inayoziba mdomo wa mfuko. Huo usiuguse wala usiupulize. Uvishe mfuko mwingine taratibu, utoe nje ya nyumba saa ileile.

Ukishahakikisha kuwa ni ukungu kweli, mimi nina swali moja tu: umeanzia wapi?

Ukianzia juu, watu hukimbilia kulaumu hewa ya chumba. Mimi hubinya pamba kwanza. Pamba iliyolowa mvuke ni mlango wazi, ukungu hupita humo polepole hadi ndani. Kabla ya kupika mifuko kwa mvuke ili kuua vijidudu, ifunike kwa karatasi ya foili, ukaze kwa mpira. Na pipa la kupikia likizimwa usiwe na pupa ya kufungua. Mifuko inapopoa huvuta hewa kupitia pamba hiyohiyo, kwa hiyo acha ipoe na kifuniko chake, mahali pasipo na upepo wala vumbi. Ikiwa pamba ni kavu, hapo sasa tuzungumze kuhusu hewa. Panda mbegu, yaani punje za nafaka zilizoota utando wa uyoga, alfajiri kabla nyumba haijafagiwa, feni imezimwa, madirisha yamefungwa. Dishi kubwa la plastiki linaloonyesha ndani, likageuzwa na kutobolewa matundu mawili ya kupitishia mikono, linafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani. Spiriti ya asilimia 70 inatosha. Ile kali ya asilimia 95 hukauka kabla haijaua. Na ukitumia spiriti, moto usiwe karibu.

Ukianzia katikati au chini kabisa, mbali na mbegu, mfuko haukuiva. Hapa Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100. Maelekezo ya mtu wa Dar es Salaam kuhusu pipa, huku uyaongezee muda. Mwenye sufuria kubwa ya presha inayofika nyuzi 121 huipa mifuko ya kilo mbili saa mbili na zaidi. Sababu nyingine ni mabonge makavu: vumbi la mbao lililoloweshwa haraka haraka hubaki kavu moyoni, na joto la mvuke halipenyi vizuri humo. Loweka tangu jana yake. Halafu kuna pumba za mpunga. Najua zinaongeza mavuno, lakini trikoderma nayo inazipenda. Wenye presha wasivuke asilimia 20. Sisi wa pipa, 10 zinatosha, na anayekushauri zaidi muulize anapikia chombo gani.

Mara nyingine doa linaanzia kwenye punje za mbegu zenyewe. Chupa itazame kwenye mwanga kabla hujalipa: punje ziwe zimefunikwa na utando mweupe, zisiwe na utelezi, zisinuke uchachu. Muuzaji akikuambia "hako kadoa hakana shida", irudishe mezani. Mbegu ikiwa safi, usiibane. Shiitake huchukua wiki 6 hadi 12 kujaza mfuko, na siku zote hizo ukungu unatafuta nafasi, kwa hiyo mbegu nyingi ndiyo njia ya kuufupisha muda huo.

Doa la ubavuni huwa ni kitundu. Chekecha vumbi la mbao utoe vibanzi, maana ndivyo vinavyotoboa. Kitundu ukikiona mapema, futa kwa spiriti, kikikauka ubandike karatasi yenye gundi.

Kuhusu kuokoa mfuko: ukiwa mchanga na kijani kimeingia, usihangaike nao. Ukiwa umeshavaa gome na doa ni dogo, mara nyingi hujitokeza kwenye vikonyo vilivyoachwa baada ya kuvuna, peleka nje, kata kwa kisu safi, suuza kwa maji yanayotiririka, uache ukauke juu kabla ya kuurudisha, tena ukae peke yake. Ile ya kutupa ichemshe ikiwa bado imefungwa, au ifukie mbali na chumba cha uyoga. Usiipasue nyuma ya jiko, na mwenye pumu kazi hiyo amwachie mwingine aliyevaa barakoa.