Gamba la ubongo linatofautiana kati ya vituo: kagua mashine na mtikisiko

Ndugu, umesema vijana wa kituo kimoja cha utafiti wana gamba la ubongo (tabaka lake la nje) jembamba kuliko wa vituo vingine. Kabla hujalitangaza, kagua mashine. Utafiti wa ABCD wa Marekani, unaofuatilia ukuaji wa ubongo wa watoto, wenye watoto zaidi ya 11,000 walioandikishwa wakiwa na miaka 9 hadi 10, unatumia MRI za Siemens, GE na Philips, na kila moja ina tabia zake. Hata programu ikisasishwa, namba zinaweza kuhama. Kwenye modeli yako ya takwimu weka mashine yenyewe, siyo jina la kituo tu. ComBat, mbinu ya takwimu ya kusawazisha tofauti za mashine, husaidia, ila ipe umri na jinsi, la sivyo inaweza kufuta ukuaji uleule unaoutafuta.

Mimi lakini, hata kabla ya mashine, ningeanza na mtikisiko wa mtoto anayepigwa picha. Mtoto akijikuna pua ndani ya mashine, picha inaharibika na gamba linaonekana jembamba kuliko lilivyo. Wadogo hutikisika zaidi, basi kosa hilo linajichanganya na umri. Fungua picha kwa macho yako, hata hamsini tu (kazi inachosha, najua), utafute viwimbi pembezoni mwa fuvu. Na mapacha waliomo kwenye utafiti usiwahesabu kama watu wasiohusiana.