Kabla ya Mbio Ndefu za Farasi, Jifunze Kuhesabu Mapigo

Kila mgeni anayefika kwenye mazizi yetu hapa Njoro huuliza kwanza kama farasi ana mbio. Mimi humpa stethoskopu, kile kifaa cha kusikilizia moyo. Iweke nyuma ya kiwiko cha kushoto, pale mshipi wa tandiko unapopita, uhesabu sekunde 15, kisha uzidishe kwa 4. Farasi aliyetulia huwa na mapigo ya moyo kati ya 28 na 44 kwa dakika. Hesabu kila asubuhi kabla hajalishwa, uandike daftarini.

Mbio za masafa marefu, ambazo hufika hata kilomita 160 kwa siku moja, hukimbiwa kwa mizunguko. Kila mzunguko ukiisha, daktari wa mifugo humkagua farasi, na chini ya kanuni za kimataifa mapigo yasizidi 64 kwa dakika. Katikati ya safari, saa yako haisimami kwa kuvuka mstari; husimama unapomwingiza farasi kwenye ukaguzi.

Shindano langu la kwanza niliondoka shoti kwa kuwa wenzangu waliondoka shoti. Nikafika wa pili. Nikammwagia maji shingoni na kifuani, nikayakamua kwa kiganja, nikamwaga tena. Kuhesabu: 17 kwa sekunde 15, yaani 68. Nikamtembeza kivulini, nikahesabu upya. 17 ileile. Muda wa kushusha mapigo ukaisha, tukatolewa. Chumvi nyeupe ilikuwa imemkaukia pembeni mwa mshipi, na ndoo ya maji hakuigusa. Hiyo ndoo ndiyo iliyoniuma kuliko kutolewa.

Kwa hiyo miezi mitatu ya mwanzo mtembeze tu, na troti fupi fupi, ule mwendo wa kati ya kutembea na shoti. Moyo na pumzi hukomaa upesi, kano na mifupa huchelewa sana. Farasi atajiona yuko tayari na miguu bado. Hapo ndipo wengi huwalemaza. Sisi tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na vilima vya kuelekea Mau vinatosha kumjenga bila mbio. Mteremko ukiwa mkali, shuka mgongoni umwongoze kwa hatamu.

Ukivua tandiko, tazama mgongo: sehemu kavu katikati ya jasho mara nyingi ni tandiko linalobana. Chanjo isipitwe, na msimu wa mvua mwingize bandani kabla ya magharibi, visubi waenezao magonjwa wasimpate.

Halafu mzoeze kunywa popote, kwenye ndoo, kijito, hata dimbwi la barabarani. Akiinamisha kichwa, legeza hatamu, nyamaza, umwache mpaka ainuke mwenyewe.