Barua kwa mwanangu: Newstead Abbey, anzia nje

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama nyumba ya mshairi Mwingereza Byron, Newstead Abbey, inafaa kupewa Jumamosi nzima ukiwa hapo Nottingham, na uanzie wapi. Inafaa sana, ila kwanza hakikisha nyumba yenyewe iko wazi siku hiyo. Bustani hufunguliwa siku nyingi kuliko nyumba, na wasiouliza huishia kuzunguka ziwa. Panda basi la Mansfield kituo cha Victoria, mwambie dereva akushushe geti la Newstead. Kutoka hapo ni mwendo wa kilomita moja na nusu hivi kwa miguu.

Ukifika, usikimbilie mlangoni. Simama mbele ya ukuta wa kanisa la zamani la watawa, upande wa magharibi, uliojengwa karne ya 13. Dirisha kubwa la katikati ni tundu tupu. Ukilitazama unaona anga, maana nyuma yake kanisa halipo tena. Juu kabisa Bikira Maria bado ameketi na Mtoto. Watawa wa Mtakatifu Augustino walikaa hapo hadi 1539, Mfalme Henry VIII alipozifunga nyumba zao. Mwaka uliofuata Sir John Byron, babu wa kale wa mshairi, aliinunua hii ya Newstead, akayageuza makao ya watawa kuwa nyumba yake. Ndiyo sababu korido za ndani zinazunguka ua wa mraba: ni njia zilezile walizopita watawa.

Humo ndani usidhani kila kitu ni cha mshairi. Alirithi nyumba mbovu mwaka 1798, akiwa na miaka 10, na mwaka 1817 akamuuzia Thomas Wildman kwa pauni 94,500. Kumbi nyingi zinazong'aa ni kazi ya Wildman. Cha Byron hasa ni chumba cha kulala, na kitanda alichokuja nacho kutoka Cambridge.

Sisi tuna sababu yetu ya kwenda. David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Afrika, aliandikia hapo kitabu cha safari zake za Zambezi, mwaka 1864 na 1865. Mwaka 1874 wakaja wasaidizi wake Abdullah Susi na James Chuma, walioongoza msafara wa kuubeba mwili wake kutoka Chitambo, alikofia, katika Zambia ya leo, hadi Bagamoyo. Walipigwa picha hapo Newstead, shajara na ramani zikiwa mbele yao. Waulize wahudumu kuhusu chumba cha Livingstone, na wataje hao wawili kwa majina.

Bustanini kuna kaburi la Boatswain, mbwa wa Byron aliyekufa kwa kichaa cha mbwa mwaka 1808. Byron alitaka azikwe hapo naye, lakini nyumba ilikwisha kuuzwa. Yeye amelala Hucknall, kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena, pamoja na binti yake Ada Lovelace. Tramu ya Nottingham inaishia Hucknall. Ulizia kwanza saa za kanisa kufunguliwa.

Mama yako