Pika, kisha ubandike: raha ya jiko na daftari la kumbukumbu

Kupika huanza kuwa burudani siku ambayo hakuna mtu anayekisubiri chakula chako kwa njaa. Nasema hivi kwa sababu wengi wanaoniuliza nawezaje kuyaita mapishi kuwa ni hobi ni wanawake wanaopika kila siku: chai alfajiri, ugali mchana, wali usiku, na vyombo juu yake. Hilo ni jukumu, tena zito, na sitaki kulipamba. Ninalolisema mimi ni lingine. Ni ile Jumamosi saa nne asubuhi, watu wameshakunywa chai, mchana bado uko mbali, nami nimeamua kupika mkate wa kumimina kwa sababu tu nina hamu ya kuuona ukiumuka. Usipoumuka, hakuna atakayelala njaa. Hapo mkono unalegea, pua inaanza kufanya kazi yake, na unathubutu kuzidisha iliki kuliko alivyokuzoesha mama.

Basi tenga pishi moja la namna hiyo, hata kama ni mara moja kwa mwezi, na uwaambie wa nyumbani kabisa kwamba si chakula cha mchana. Chagua kitu chenye kazi ndani yake, kitu kinachotaka kulowekwa, kukunwa, kuumuliwa au kupaliwa moto juu. Kukaanga mayai hakutakupa raha hii. Kukuna nazi kwa mbuzi, kukamua tui zito likae peke yake na tui jepesi peke yake, hiyo ni saa nzima ambayo akili haiwezi kwenda kwenye simu.

Daftari la kumbukumbu lilizaliwa humo humo jikoni. Chakula kikishaliwa kimekwisha, na aliyekipika akishaondoka duniani kinakwisha mara ya pili. Nyumba nyingi zina albamu ya harusi, albamu ya mahafali, picha za watoto siku ya Idi, lakini hazina ukurasa hata mmoja unaoonyesha pilau la nyumba ile lilikuwa likipikwaje. Mimi hubandika pishi pamoja na vitu vinavyolizunguka: picha, kipande cha khanga, mchoro wa sufuria, maneno ya aliyenifundisha.

Pishi gumu kuliandika ni la mtu asiyepima. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Tanga, hana haja ya kikombe cha vipimo. Ukimuuliza chumvi kiasi gani, atakujibu "ya kutosha". Ukimuuliza maji, "yafike hapa", na hapo ni kwenye kidole chake. Tafadhali usimlazimishe mzee wako apime. Akianza kupima, mkono wake unapoteza mazoea na pishi linabadilika. Mwache apike anavyopika, wewe ndiye upime.

"Shikamoo, Bibi. Leo nimekuja na mizani."

"Marahaba, mke mwenzangu. Utapima mpaka moshi?"

Inafanyika hivi. Kabla hajaanza, pima uzito wa kila chombo na kilichomo: bakuli la mchele, kopo la sukari, chupa ya mafuta. Akimaliza, pima tena. Kilichopungua ndicho alichotumia. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu inatosha kabisa. Kwa chumvi na viungo, ambavyo huvichota kwa vidole, mwombe aweke kwanza kwenye kisahani chako. Wewe uvitie kwenye kijiko cha chai, usawazishe, uandike, kisha umrudishie atie mwenyewe. Fanya hivyo kwa pishi lile lile siku mbili tofauti. Utaona vipimo vyake havipishani sana, na utamheshimu zaidi.

Andika pia yasiyoingia kwenye mizani. Pilau hupata rangi yake kwenye kitunguu, na Bibi husema kitunguu kiachwe mpaka kiwe rangi ya ganda la tende, ndipo vitiwe thomu na tangawizi. Sentensi hiyo ina faida kuliko "kaanga kwa dakika kumi", kwa sababu jiko la mkaa na jiko la gesi hayaendi mwendo mmoja. Uliza nani alimfundisha. Uliza walipikia kuni gani, na pishi lile lilikuwa la siku zipi: la Ramadhani, la arobaini ya mzazi, la mgeni wa ghafla. Kama ana haya ya kuhojiwa, muulize mikono yake ikiwa kazini. Watu husema mengi wakiwa wanachambua mchele.

Ukurasa wangu wa vitumbua, kwa mfano, una haya. Mchele vikombe 2, uliolowekwa usiku kucha na kuchujwa maji. Tui zito kikombe 1 na kidogo juu yake. Sukari nusu kikombe, hamira kijiko 1 cha chai, iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai. Saga vyote kwenye blenda mpaka ukisugua kati ya vidole viwili usisikie chenga. Funika, weka mahali penye joto kwa kiasi cha saa 1 mpaka mchanganyiko uumuke na kutoa mapovu. Kikaango cha chuma chenye vishimo kipate moto wa wastani, mafuta kidogo kila kishimo, ujaze robo tatu tu kwa sababu kitumbua hupanda. Geuza kwa kijiti pembeni zikishashika rangi, juu kukiwa bado kubichi kidogo. Ukisubiri juu kukauke kabisa, kitakuwa kikavu na ndani.

Pembeni ya maelezo hayo kuna picha ya mikono ya Bibi na kile kijiti. Sahani iliyopambwa sikuibandika. Sahani za vitumbua zinafanana nchi nzima, mikono haifanani. Piga picha karibu na mlango au dirisha asubuhi, taa ya jikoni uizime, kwa sababu hupaka kila kitu umanjano. Kisha isafishe picha studio, saizi ya postikadi. Kama unaipeleka studio kwa WhatsApp, itume kama faili la hati; ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa, na karatasini utaiona imefifia pembeni za vitu.

Sasa vifaa, na hapa naomba usiwe na haraka, maana ndipo kazi ya miaka inapopotea. Selotepu usiisogeze karibu. Baada ya muda inageuka manjano, gundi yake inasambaa, karatasi inabaki na doa lisilotoka. Zile albamu za zamani zenye kurasa za kunata na nailoni juu, zilizojaa majumbani mwetu, nazo huharibu picha; kama picha za wazazi wako bado zimo, zitoe taratibu ukipitisha uzi mwembamba chini yake. Gundi ya uji wa ngano tuliyotumia shuleni huita mende. Tumia gundi ya fimbo kwa karatasi, na kwa picha kata vipembe vidogo vya karatasi, ubandike vipembe vyenyewe, picha uichomeke tu. Siku ukitaka kuitoa itatoka nzima.

Daftari lenyewe si lazima liwe la gharama. Kaunta buku ya jalada gumu kutoka steshenari yoyote inafaa, ila litavimba ukianza kubandika. Dawa yake ni kukata karatasi moja katika kila tatu kabla hujaanza, ukiacha kishina chembamba karibu na mshono, ili unene wa vibandiko upate nafasi. Ukipata karatasi zisizo na asidi, nunua hizo. Usipozipata, manila nyeupe. Gazeti lenye pishi ulilolipenda litoe fotokopi, kwa sababu karatasi ya gazeti hugeuka rangi na kukatika. Risiti ya dukani nayo hivyo hivyo: maandishi yake yamechapwa kwa joto, na yatafutika yenyewe hata ukiifungia kabatini. Mimi napenda sana risiti. Bei ya mchele na nazi ya mwaka fulani ni historia ambayo hakuna mwingine nyumbani anayeiandika.

Khanga iliyochakaa usiitupe yote kwenye matambara. Kata kipande cha pindo, au jina lake zima kama linasomeka, kisha ukiloweshe na kukikandamiza kwenye kitambaa cheupe uone kama rangi inachuja. Isipochuja, kipige pasi na ukishone kwenye ukurasa kwa mishono mikubwa. Uzi unashinda gundi kwa kitambaa. Karafuu, mdalasini na iliki zichore tu. Ukizibandika zenyewe, mafuta ya karafuu hupenya kurasa za chini, na wadudu hawako mbali.

Hobi hii si ngeni duniani. Mark Twain, mwandishi wa Marekani, mwaka 1873 alipewa hataza, yaani haki ya serikali ya kulinda uvumbuzi, ya daftari ambalo kurasa zake zimekwishapakwa gundi kavu, unalowesha na kubandika. Kwa pwani yetu nisingelishauri. Kuanzia Machi hadi Mei, masika ikiwa juu, unyevu wa hewa pekee unatosha kulegeza gundi ya namna hiyo. Miezi hiyo daftari langu hukaa kwenye boksi lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Siku kavu ikitokea nalifungua lipate hewa, kivulini.

Jikoni lisiingie kabisa. Nakili pishi kwenye kadi ya manila, ipige lamineshini, itundike karibu na jiko, ipate mafuta na unga inavyotaka. Kadi ikichoka unaandika nyingine.

Kama una ndugu walio mbali, wape kazi. Wifi yangu anaishi Muscat na hutumia tui la kopo, ambalo huwa zito kuliko la kukamua, kwa hiyo yeye huongeza robo kikombe cha maji kwenye vitumbua. Nimeiandika pembeni kwa penseli, na jina lake. Wengine wamebadilisha sukari, mmoja hutia kijiko cha unga wa ngano ili vishikane. Tuma picha ya ukurasa wako kwenye kundi la familia wiki chache kabla ya Ramadhani, uwaombe kila mmoja apike, apige picha ya mikono yake na aseme alichobadilisha. Acha kurasa mbili tupu baada ya kila pishi. Zitahitajika.